Nyuki, Nyigu na Moyo: Historia ya Mwiba Mmoja

Novemba 1914 jeshi la Uingereza lililotoka India, lenye askari wapatao 8,000, lilishuka Ras Kasone kuitwaa Tanga. Waliowangoja chini ya kamanda Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama elfu moja tu. Wavamizi walishindwa vibaya, na sababu zake ni nyingi: jemadari wao, Arthur Aitken, alimdharau adui, na askari walikuwa wamelegea kwa safari ndefu ya bahari. Lakini kilichobaki vinywani mwa watu ni nyuki. Wenyeji walikuwa wametundika mizinga ya magogo mitini, risasi zikaipiga, na nyuki wakamtokea kila aliyekuwa chini bila kuuliza amevaa sare gani. Kikosi cha 98 cha India kilivunja mistari. Upande wa pili, Wajerumani waliokuwa kwenye bombomu nao waliumwa, silaha zao zikanyamaza kwa muda. Uingereza kukavuma uvumi kwamba Mjerumani aliwafunza nyuki wale kazi. Mpaka leo mapigano hayo yanaitwa Vita vya Nyuki.

Ni kisa kitamu kusimulia. Ubaya wake ni kwamba kimetuzoesha kuhesabu miiba: huyu mia, yule mia tatu, fulani alinusurika na mia tano. Sumu ya nyuki kwa wingi wake ni hatari kweli. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni melitini, inayopasua chembe za damu na za misuli, na mabaki yake huziba figo siku moja au mbili baadaye. Hata hivyo mtu mzima mwenye afya anahitaji miiba mingi mno kabla hajauawa na sumu yenyewe. Kadirio linalotumika sana ni miiba kama 19 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anazungumziwa katika miiba elfu na zaidi. Wachache hufikia huko. Wanaokufa kwa mwiba mmoja wana historia nyingine, na historia hiyo haijasimuliwa sana kwetu, hasa katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ambako nyuki na watu wamesogeleana kuliko wakati wowote uliopita.

Mbeya na Iringa za zamani, kabla Njombe haijamegwa kuwa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, zilikuwa na nyuki wa kila namna. Chini Chunya, kwenye miombo yenye joto, anaishi nyuki mdogo mwenye rangi ya manjano na hasira za karibu, ndugu wa yule wa Tabora. Kadiri unavyopanda milimani baridi huongezeka na nyuki hubadilika. Francis Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, aliandika mwaka 1961 kuhusu jamii za nyuki wa Afrika, akamtenga nyuki wa milima mirefu, mweusi zaidi, mkubwa kidogo na mpole, na nyuki wa pwani. Upole huo usimdanganye mtu. Sumu ni ileile.

Warina asali wa zamani walikuwa watu wachache na walijulikana. Walitundika mizinga ya magome na ya magogo mbali na makazi, wakarina usiku kwa moshi na mwenge, saa ambayo baridi imewafunga nyuki mabawa. Asali ilitengenezewa wanzuki, nta ikauzwa, na ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa ng'ambo tangu enzi za Mjerumani. Kijana aliingia kazini kwa kumfuata baba au mjomba, akaumwa mara nyingi tangu utotoni, mwaka hadi mwaka. Wengine wote walikaa mbali. Mzinga ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana kwa uso uliozoea kuvimba mpaka ukaacha kuvimba. Jambo hilo la kuzoea nitalirudia, maana lina uzito kuliko linavyoonekana.

Wasiorina nao hawakuepuka kabisa. Iringa kuna ulanzi, pombe ya mwanzi. Mianzi ikikatwa ncha wakati wa mvua, utomvu mtamu unaotiririka kwenye kikombe cha mwanzi huwaita nyuki na nyigu kabla haujamwita mnywaji, na mgemaji anayefika alfajiri huwakuta wameshatangulia. Rungwe kuna ndizi. Kuhusu ndizi kuna jambo moja la ajabu: nyuki anapouma huachia harufu ya kuwaita wenzake, na kemikali kuu ya harufu hiyo, iliyotambuliwa na watafiti mwaka 1962, ndiyo inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Moshi huizima harufu hiyo. Warina asali waliujua ufundi huo karne nyingi kabla ya maabara kuujua.

Sasa mtu aliyeumwa na mdudu mmoja shambani anapoanguka na kufa ndani ya robo saa, nani atamlaumu mdudu? Pengine hakuna uvimbe wa kuonyesha. Uso umekuwa mweupe, jasho la baridi limemtoka, amesema kifua kinabana, kisha kimya. Mwiba ni mdogo mno kubeba kifo cha mtu mzima, basi lawama hutafuta wa kuibeba: presha, moyo uliokuwa mbovu siku zote, au jirani mwenye kijicho. Sisemi hivyo kuwacheka wazee. Hospitali kubwa za Ulaya ziliandika "moyo" katika vyeti vya vifo vya namna hiyo mpaka juzi tu, na kwa njia fulani hazikukosea, kwa sababu ni kweli moyo ulisimama.

Vitabu vingi hupenda kuanzia mbali zaidi, kwa Farao Menes wa Misri, eti aliuawa na nyigu miaka elfu tano iliyopita. Kisa hicho kimenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Chanzo chake ni tafsiri ya kibao cha mpingo iliyotolewa na L. A. Waddell mwaka 1930, na wasomi wa maandishi ya Misri wameikataa. Simulizi ya zamani zaidi, ya mwanahistoria Manetho, inamtaja kiboko. Tumwache Farao apumzike.

Mwanzo wenye ushahidi upo baharini. Mwaka 1901 Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco aliwaalika wanasayansi wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, katika meli yake ya utafiti, wachunguze sumu ya viumbe wa baharini wenye minyiri inayochoma. Waliporudi Paris waliendelea na sumu ya anemoni wa baharini, wakawadunga mbwa dozi ndogo wakitarajia kuwajengea kinga, kama chanjo inavyofanya. Mbwa mmoja, Neptune, alipokea dozi ya kwanza bila shida. Wiki tatu na kitu baadaye alipewa dozi nyingine ndogo. Alianza kuhema, akatapika damu, miguu ikamlegea, na katika muda wa dakika 25 hivi akafa. Badala ya kinga, mwili ulikuwa umejifunza kujidhuru. Richet na Portier walitangaza jambo hilo mwaka 1902 na kuliita anafilaksia, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka mmoja tu kabla ya nyuki wa Tanga.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mwiba wa kwanza maishani haumuui mtu wa namna hii, humwandaa. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, alilipa tatizo hili pana jina la aleji, ambalo kwetu ni mzio. Mwaka 1910 Henry Dale na Patrick Laidlaw wa London walionyesha kwamba kemikali iitwayo histamini ikiingizwa kwa mnyama huangusha presha yake na kumbana pumzi kwa namna inayofanana kabisa na kifo cha Neptune. Seli zinazoitunza histamini hiyo, seli za masti, zilikuwa zimeonwa na Paul Ehrlich tangu 1878, lakini ilichukua mpaka 1953 kwa watafiti Riley na West kuonyesha kwamba ndizo ghala lake. Kingamwili inayozifungua seli hizo, IgE, iligunduliwa mwaka 1966 na Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, na watafiti wa Uswidi wakaifikia kwa njia yao wenyewe wakati huohuo. Sayansi hii haikwenda kwa mstari ulionyooka. Iliruka, ikalala miaka 40, ikaamka.

Mtu mwenye mzio wa nyuki, kwa hiyo, hubeba mwilini seli za masti zilizovikwa IgE inayoitambua sumu ya nyuki, hasa kimeng'enya kiitwacho fosfolipase. Mwiba ukiingia, seli hizo hufunguka kwa pamoja mwili mzima. Mishipa ya damu hupanuka na kuvuja. Sehemu kubwa ya maji ya damu inaweza kutoka nje ya mishipa ndani ya dakika kumi. Ngozi huwasha, koo hubana, tumbo hukata, presha huanguka. Nyigu ana sumu yake na protini zake, kwa hiyo anayeogopa nyuki si lazima aogope nyigu, ingawa wapo wanaopatwa na yote mawili. Chungu nao wamo. Yupo chungu mweusi wa Afrika aliyeenea mpaka nchi za Ghuba, anayeitwa samsumu, na huko Falme za Kiarabu na Saudia madaktari wameripoti watu walioanguka kwa kuumwa naye.

Na moyo? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba moyo huathirika kwa sababu tu presha imeanguka na damu haiufikii. Lakini dalili za jambo la ndani zaidi zilikuwepo. Mwaka 1950 madaktari Pfister na Plice waliripoti Marekani mgonjwa aliyepata shambulio la moyo akiwa katikati ya mzio wa penisilini. Mwaka 1976 Harold Levine aliandika kuhusu wagonjwa wawili waliopata shambulio la moyo baada ya kuumwa na nyigu, akakusanya visa vya nyuma vilivyotawanyika. Kisha mwaka 1991 Nicholas Kounis, daktari Mgiriki wa Patras, pamoja na mwenzake Zavras, wakaunganisha nyuzi: seli za masti zimo ndani ya moyo wenyewe, zimejipanga kuzunguka mishipa ya koronari inayoulisha moyo damu, na histamini inayotoka humo inaweza kuibana mishipa hiyo papo hapo. Kwa sasa hali hiyo inaitwa sindromu ya Kounis.

Ina sura tatu, na tofauti zake si za darasani tu. Wa kwanza ni mtu ambaye mishipa yake ya moyo ni safi kabisa, pengine kijana wa miaka 30. Mshipa hukaza kwa ghafla, kifua humbana, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) huonyesha shambulio, na mkazo ukilegea anaweza kubaki bila kovu. Wa pili ana mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa bila yeye kujua. Dhoruba ya mzio hulipasua tabaka hilo, damu huganda juu yake, na hapo ni shambulio la moyo la kawaida lililoanzishwa na mdudu. Wa tatu ni yule aliyewekewa kipitisho chembamba cha chuma kufungua mshipa, nacho kikaziba. Daktari asiyeuliza habari za nyuki ataona moyo tu, na daktari anayeona vipele tu hatampima moyo.

Sura ile ya pili inanisumbua kuliko nyingine. Presha na kisukari vimepanda milimani pamoja na barabara na miji. Mzee wa Mafinga au wa Mbeya mjini leo ana uwezekano mkubwa kuliko babu yake wa kuwa na mishipa iliyokwisha kuanza kuziba. Ugonjwa wa zamani na ugonjwa mpya hukutana katika mwiba mmoja.

Dawa iligunduliwa mapema, na huu ni mzaha mchungu wa historia hii. Mwaka 1901, mwaka uleule wa safari ya meli ya Monaco, Jokichi Takamine, Mjapani aliyekuwa New York, alitangaza kwamba ametoa adrenalini safi kutoka tezi zilizo juu ya figo, na kampuni ya Parke-Davis ikaanza kuiuza. Adrenalini hubana mishipa iliyolegea, hufungua njia ya hewa, huutia moyo nguvu na kuzizuia seli za masti zisiendelee kumwaga histamini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1977. Kichupa chake ni kidogo na hakina bei kubwa. Mtu mzima huchomwa nusu miligramu kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na ikibidi hurudiwa baada ya dakika tano.

Kinachokosekana ni muda. Mwaka 2000 Richard Pumphrey wa Manchester alichapisha uchunguzi wa vifo vya anafilaksia nchini Uingereza: kwa walioumwa na wadudu, muda wa kati tangu mwiba mpaka moyo kusimama ulikuwa dakika 15. Chukua dakika hizo 15 uzipeleke Kilolo, au kijiji cha Chunya wakati wa masika. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, inaweza kuonyesha mshipa uliobana na kuufungua, lakini kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za lami. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, hospitali ya mkoa Iringa, hata Tosamaganga, zote ziko mbali kwa dakika 15 za mtu aliye shambani. Zahanati ya kata ndiyo iliyo karibu, na humo mara nyingi mgonjwa wa mzio huanza kwa sindano ya haidrokotisoni na vidonge vya kuzuia kuwasha, dawa ambazo hufanya kazi taratibu na haziinui presha iliyoanguka. Adrenalini huogopwa. Wahudumu wengi huihesabu kuwa dawa ya kumfufua mtu aliyekwisha kukata roho, na mbele ya mgonjwa anayelalamika kifua hofu huongezeka: je, haitamharibu moyo zaidi? Swali hilo ni la haki, kwa sababu kwenye sindromu ya Kounis adrenalini inaweza kweli kuongeza mzigo wa moyo. Hata hivyo miongozo haijabadilika: presha ikianguka au pumzi ikibana, adrenalini ya msulini hutangulia. Kinachoua haraka zaidi hushughulikiwa kwanza.

Pumphrey aliona jambo jingine, nalo halihitaji duka la dawa. Baadhi ya waliokufa walikufa walipoinuliwa: waliketishwa, walisimamishwa, walitembezwa kwenda kwenye gari. Damu ikiwa chache ndani ya mishipa, kumsimamisha mtu ni kuuacha moyo ukisukuma utupu. Alazwe chini, miguu iinuliwe, isipokuwa kama anashindwa kupumua akiwa amelala. Hapa kwetu desturi ni kinyume. Mgonjwa hushikwa kwapa na kupakizwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, amekaa wima kama mshumaa. Mwiba wa nyuki nao uondolewe mara moja kwa njia yoyote, kucha au vidole, maana mfuko wa sumu huendelea kujimimina kwa sekunde kadhaa baada ya nyuki kuondoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba haraka ndiyo yenye maana na mbinu haina. Kutafuta kisu cha kukwangulia, kama tulivyofundishwa shuleni, ni kupoteza muda.

Nirudi kwa warina asali na kuzoea kwao. Watafiti wa Ufaransa miaka ya 1980 waliwachunguza wafugaji nyuki wakaona jambo lisilotarajiwa: walioumwa zaidi ya mara 200 kwa mwaka hawakupata mzio wa mwili mzima, ilhali karibu nusu ya walioumwa chini ya mara 25 waliwahi kuupata. Miiba mingi ya mfululizo huujengea mwili kinga ya namna nyingine inayoizima IgE. Matibabu ya kisasa ya mzio wa nyuki, yaliyothibitishwa mwaka 1978 na madaktari wa Johns Hopkins, ni kuiga hilo kwa sindano za sumu safi zinazoongezwa polepole. Mrina asali wa miombo alikuwa, bila kujua, ameshapewa matibabu hayo na nyuki wenyewe.

Wafugaji wa sasa si yeye. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na sheria ya mwaka 2002 ziliufanya ufugaji kuwa kazi ya kila mtu, na Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliihubiri kila alikokwenda. Mizinga ya masanduku ikaja na vikundi vya kina mama na vijana, Mufindi pembezoni mwa msitu wa Sao Hill, Kilolo, Rungwe. Parachichi zilipokuwa zao la biashara Rungwe na Njombe, nyuki wakahitajika shambani kwa uchavushaji, kwa hiyo mizinga ikasogea karibu na nyumba na njia za watoto. Sipingi hata kidogo. Asali ya milimani inalisha watu, na miti imehifadhika kwa sababu yake. Lakini ndani ya miaka 25 wanaoumwa wamebadilika. Badala ya watu wachache wanaoumwa mara mia mbili, tumepata watu wengi wanaoumwa mara tano au kumi kwa mwaka, pamoja na wake, waume na majirani zao. Hilo ndilo kundi ambalo mzio hulipenda.

Mafunzo ya vikundi hivyo hufundisha kofia ya wavu, bomba la moshi, kurina bila kuua nyuki na kuchuja asali. Ni mafunzo mazuri. Ninachotaka kiongezwe ni ukurasa mmoja kwenye daftari la kikundi, wenye majina ya wanachama na maswali mawili mbele ya kila jina. La kwanza: aliwahi kuvimba mwili, kubanwa pumzi au kuzimia baada ya kuumwa? Akijibu ndiyo, mwiba unaofuata unaweza kuwa mbaya zaidi, na mzinga si kazi yake mpaka daktari amwone. La pili: anatumia dawa gani ya presha? Atenolo na propranolo, vidonge vya siku nyingi kwa wagonjwa wengi, huuzuia moyo usiisikie adrenalini ipasavyo, hivyo sindano inayomwokoa jirani inaweza kushindwa kwake. Hospitali kubwa humpa glukagoni, dawa ambayo zahanati ya kijiji kwa kawaida haina. Mtu huyo asiache vidonge vyake kwa hofu ya nyuki, maana presha itamuua mapema zaidi. Abadilishiwe dawa na daktari kwanza, kabla ya msimu wa kurina kuanza.